Shikamoo ya gizani

Kabla hamjanicheka naomba mjue kwamba hiyo filamu tulishaidharau kabisa. Ni ile Halloween ya 1978, ya John Carpenter, jamaa kavaa kinyago cheupe anazunguka na kisu cha jikoni anaua mabinti wanaobaki kulea watoto wa watu. Mdogo wangu yuko chuo na filamu ndo ugonjwa wake, akaja nayo kwenye laptop akaichomeka kwenye spika yangu kubwa, tukakaa sebuleni watatu, mimi, yeye na mshkaji wetu wa bodaboda ambaye alipaki pikipiki nje akasema anaangalia kidogo tu anarudi kijiweni. Jikoni alikuwepo shangazi, katoka Tanga kwa ajili ya harusi ya kesho yake, anamenya vitunguu vya pilau huku mafua yamembana tangu kwenye basi, na usoni kajipaka liwa nzito ili kesho akawatie adabu upande wa bwana harusi. Sisi habari ya liwa hatukuwa nayo, alijipaka tukiwa tumeshaanza kuangalia.

Sasa mdogo wangu hawezi kuangalia kitu kimyakimya. Muuaji akitokea tu, anasimamisha. "Bro, unakiona hicho kinyago? Hiyo ni sura ya Captain Kirk, yule nahodha wa Star Trek, ile tamthilia ya anga za juu, wamenunua dukani hata dola 2 haifiki, wakakipulizia rangi nyeupe na kutanua matundu ya macho, basi." Na aliyekivaa sehemu kubwa ya filamu ni rafiki yake Carpenter, Nick Castle, analipwa dola 25 kwa siku. Filamu nzima imekula dola 300,000 na ushee, afu ikaja kuingiza kama milioni 70. Hadithi inasema ni Oktoba huko Illinois, majani yanapukutika, kumbe walikuwa California msimu ambao miti yote ni kijani, ikabidi wapake majani rangi ya ukavu, wayamwage barabarani, wakimaliza kupiga hapo wanayaokota yote wanayatia kwenye mifuko wakayamwage kwingine. Mshkaji alicheka mpaka akakohoa. Afu kwa nyuma zikapita zile palm za California, akasema hiyo siyo Illinois, hiyo Bagamoyo.

Kilichomuuma zaidi kama mtu wa barabarani ni gari. Muuaji kafungiwa hospitali ya vichaa tangu ana miaka 6, leo ana 21, katoroka, kaingia kwenye gari kaondoka nayo freshi tu. "Leseni kaipata wapi? Nani kamfundisha gia?" Na kweli ndani ya filamu wanaulizana hilohilo, na daktari wake hana jibu zaidi ya kusema labda kuna mtu alimpa masomo. Mshkaji akasema hapo ndo wamemaliza hela ya kumlipa mwandishi.

Ila niwaambie ukweli, pamoja na kucheka kote, mimi miguu nilishaipandisha kwenye kochi. Kuna kitu pale. Muziki Carpenter kaupiga mwenyewe kwa sababu hakukuwa na hela ya kumwita mtu, kinanda kinagonga kilekile kwa mapigo matano matano ambayo sikio linasubiri yatulie na hayatulii. Damu karibu hakuna. Unaona binti anachungulia dirishani, jamaa kasimama pale kwenye nguo zilizoanikwa, katulia tu, binti akiangalia tena hayupo. Huna hela ya madude ya kutisha, unafanyaje, unatumia giza, giza ni bure. Na zile filamu za mamilioni zinazokuonyesha utumbo mpaka unazoea unaendelea kula bisi, mimi hazinifanyi kitu.

Tukafika mwishoni. Yule binti, Laurie, kamchoma jamaa sindano ya kufumia shingoni, jamaa kaanguka, na binti anakidondosha kisu palepale pembeni yake, anaondoka! Mshkaji akasimama. "Dada! Kisu! Unamwachia kisu?" Baadaye kwenye kabati la nguo tena, kamtoboa jicho kwa waya wa hanga, kapata kisu, kamchoma nacho, afu kakitupa tena. Mshkaji akawa kakasirika kwelikweli, anatuapia kwamba yeye angepata kile kisu asingekiachia mpaka asubuhi. Binti kakaa mlangoni anahema, huku nyuma yake kwa mbali jamaa anainuka taratibu, anageuza shingo.

LUKU ikaisha.

Na ile laptop betri ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa chaja, kwa hiyo kila kitu kikazima kwa mpigo. Kimya. Afu kwenye korido tukasikia mtu anahema. Hhhhh. Hhhhh. Puani, kwa shida, kama mtu aliyevaa kitu usoni. Mdogo wangu kwa mikono inayotetemeka akawasha tochi ya simu akaimulika mlangoni, na pale mlangoni kulikuwa na uso umepauka, hauna nyusi, hauna mdomo, na chini yake mkono umeshika kisu kikubwa cha jikoni.

Msomi wetu wa filamu, aliyetoka kutupigia hesabu ya kinyago mpaka senti, akapiga ukelele:

"SHIKAMOO!"

Na ule uso ukajibu, "Marahaba mwanangu."

Hiyo marahaba ndo ilituua kabisa. Mimi niliruka nyuma ya kochi nikajifunika na zulia pamoja na vumbi lake lote. Mdogo wangu kadondosha simu. Shangazi kushtuka na makelele yetu, kisu kikamponyoka, kikaangukia miguuni kwa mshkaji wa bodaboda, yuleyule aliyeapa, na kwa mwanga wa ile simu iliyo sakafuni nilimwona kwa macho yangu anakiokota, anakiangalia, afu anakirusha nje dirishani na kukimbilia mlango ambao unafunguka kwa kuvuta, yeye anasukuma. Alisukuma muda mrefu sana.

"Nyie watoto mmekula nini?" shangazi anauliza na sauti ya puani. "Nimekuja kuomba taa nimalizie vitunguu, mnanitupia kisu cha watu nje?"

Tukanunua umeme kwa simu, tukaingiza namba, taa ikawaka, shangazi akakaa na liwa yake kutazama tulipoishia. Jamaa akapigwa risasi sita, akaanguka kutoka ghorofani, wakichungulia chini hayupo. Shangazi akauliza hiyo hela ya mwisho wa hadithi wameipeleka wapi, akarudi kwenye vitunguu.

Mshkaji saa ya kuondoka akagoma kutoka peke yake, eti pikipiki iko gizani. Shangazi kwa huruma akamsindikiza, kanga kichwani, uso vilevile. Mlinzi wa jirani akawamulika, akatamka jina la Mungu mara moja tu, akaruka mtaro akapotea, na rungu lake likabaki barabarani. Mshkaji akaliokota, akapanda nalo pikipiki, na kesho yake harusini mlinzi alikuwa anamdai na jamaa hataki kulitoa.