Simu za intaneti Kigoma: zinavuka ziwa kwa bei nafuu, zinakwama mnarani

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, mwenye wateja Bujumbura, Uvira au Kalemie hahitaji kushawishiwa kuhusu simu za intaneti. Dakika ya kawaida ya kuvuka mpaka ni ghali, na ya WhatsApp inakula bando tu. Ubishi uliobaki ni wa simu za ndani ya nchi: kuna haja gani tena ya kununua dakika?

Tuanze na hesabu. Tuseme kodeki, sehemu ya programu inayobana sauti, inaibana hadi kilobiti 24 kwa sekunde, na programu inatuma pakiti (vipande vidogo vya data) 50 kila sekunde. Kila pakiti hubeba baiti 40 za anwani na maelezo ya njia, yaani kilobiti 16 nyingine. Jumla 40 za kutuma, 40 za kupokea. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hiyo ni kilobaiti 10 kwa sekunde, au takribani MB 36 kwa saa nzima ya maongezi. Ni kidogo mno, almradi usiwashe video.

Ila ndani ya nchi dakika nazo zimeshuka bei. Mwaka 2018 kampuni ya simu ilikuwa ikiilipa nyingine Sh 15.60 kwa kila dakika ya simu iliyopokelewa upande wa pili. Kufikia 2022 malipo hayo yalikuwa Sh 2. Ndiyo maana siku hizi dakika za mitandao yote zimo karibu katika kila bando. Mwenye dakika zinazoisha muda wake saa sita usiku hana sababu ya kumpigia mtu wa Gungu, hapa hapa Kigoma, kwa intaneti.

Kwenye ubora, lawama ya kwanza huangukia umbali. Kigoma ni mwisho wa reli, watu husema, mtandao utafikaje mzima? Reli hiyo ina kilomita 1,252 hadi Dar es Salaam. Mwanga ndani ya mkongo hukata kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo safari yote ni milisekunde 6 au 7. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, maana zikizidi hapo watu huanza kukatana kauli. Umbali basi hauna hatia, isipokuwa kwa wanaotumia dishi la setilaiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta: kupanda na kushuka tu ni karibu milisekunde 240.

Mchawi ni mnara. Simu ya kawaida hutengewa nafasi yake tangu inapoita hadi inapokatwa. Simu ya intaneti hupanga foleni pamoja na wanaotazama video, na jioni foleni ni ndefu. Pakiti zinaanza kufika kwa vipindi visivyolingana. Programu huzishikilia kidogo ili izipange, na inayochelewa kupita kiasi hutupwa. Upande wa pili anatamka "elfu sabini na tano" kwa gunia, "na tano" inapotea, wewe unasikia "elfu sabini" iliyo safi kabisa. Hakuna mkwaruzo wa kukushtua, kwa kuwa programu huziba pengo dogo kwa kukisia sauti. Bei iandikwe kwa meseji kabla ya kukata simu.

Kuna hitilafu nyingine ambayo wengi huilaumu programu bure. Uko 4G, unaongea kwa intaneti, mara simu ya kawaida inaingia. Kama laini au simu yako haina VoLTE (simu ya kawaida inayopita kwenye 4G), inashushwa 3G au 2G ili ipokee. Ikiangukia 2G, data husimama, na maongezi yako yanakatika. VoLTE yenyewe nayo ni sauti inayosafiri kwa pakiti, ila mtandao wa kampuni huitengea kipaumbele. Kwa hiyo ubishi wa "intaneti au kawaida" umekaa vibaya kidogo: kinachonunuliwa kwenye dakika ni nafasi isiyonyang'anywa.

Nafasi hiyo ina thamani yake. Namba ya dharura 112 haipigiki kwa WhatsApp. Aliyezima data kutunza chaji hapatikani kwa WhatsApp. Kwenye vijiji vya mwambao vyenye 2G pekee, simu ya intaneti ni bahati nasibu.

Anayeipiga hata hivyo afunge programu zinazopakua chinichini, achague matumizi madogo ya data kwenye mipangilio ya simu za WhatsApp, na kama 4G inakuja na kupotea aifunge simu kwenye 3G. Ukisikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe, usihangaike na simu yako. Kwa kawaida spika ya mwenzako ndiyo inayorudisha sauti kwenye maikrofoni yake, mwambie avae earphone.

Na kwa walioko Manyovu au Kagunga, tazama jina la mtandao juu ya kioo kwanza. Simu inaweza kushika mnara wa Burundi, na roaming ya data ikiwa imewashwa, ile simu "ya bure" inakula salio kwa bei ya ng'ambo.