Kete Zilizokataa Kulala

Nilipokuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha sanaa mjini Chicago, gemu yangu ya bao la kiswahili iliteuliwa kuwania tuzo za wanafunzi. Wenzangu waliota yale yaliyowafika wanafunzi wa chuo cha DigiPen, waliotengeneza gemu ya Narbacular Drop mwaka 2005, wakachukuliwa na kampuni ya gemu ya Valve na kuunda gemu maarufu ya Portal. Mimi niliota kombe tu, la kumnyamazisha Mjomba, ambaye kila akipiga simu kutoka Unguja huuliza nitasoma lini kitu cha maana.

Usiku wa kuamkia hafla, saa nane, nilirekebisha mstari mmoja wa programu. Katika bao, kete hutawanywa shimo baada ya shimo, na ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala na zamu inahama. Kwa usingizi wangu, niliiamuru kompyuta ikague utupu wa shimo baada ya kete kutiwa badala ya kabla, na shimo lililokwisha kutiwa kete haliwi tupu hata kwa uganga.

Kesho yake wakaketi waamuzi wawili, bibi mmoja mwenye miwani ya mkufu na bwana mmoja mnene. Bibi akagusa shimo. Kete zikazunguka safu zake mbili, zikachotwa, zikazunguka tena, tk, tk, tk, kwa mlio niliourekodi kwa komwe halisi zilizotoka nyumbani. Dakika kumi zikapita. Mjomba, niliyemuunganisha kwa simu ya video akiwa barazani na wenzake, akashindwa kuvumilia.

"Mjomba," aliniita kwa sauti iliyojaza ukumbi, "huyo bibi atalala lini?"

Bibi akataka tafsiri, nami, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeganda, nikamfasiria neno kwa neno. Akavua miwani, akafuta macho.

Jioni nilipewa tuzo ya ubunifu, kwa gemu "inayothubutu kumnyima mpinzani zamu yake". Nikampandishia Mjomba kombe mbele ya simu. Hakulitazama hata kidogo.

"Na yule bwana mnene," aliuliza, "mmemwambia aende zake?"

Nikageuka. Alikuwa bado ameketi mbele ya mashimo, mikono magotini, akingoja kucheza.