Wizara iliyoishi miaka miwili

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge akiwa Rais na kutangaza wizara mpya kabisa: Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kila ninapoisoma hotuba ile husimama pale anapouliza ni wangapi wanaojua kucheza ngoma kama gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Rumba, chachacha, twisti na hata waltz walikwisha jifunza. Za kwao, wengine hata kuzisikia hawajawahi. Katika maovu yote ya ukoloni, alisema, hakuna lililo baya kuliko kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alicheza lelemama Pangani. Kwa hiyo neno hilo kutajwa na Rais mbele ya Bunge, kwangu ni jambo kubwa.

Lakini kufika 1964, mwaka wa Muungano, wizara ile haikuwepo tena. Utamaduni uliunganishwa na Maendeleo ya Jamii. Baadaye ukapelekwa Elimu. Mwaka 1974 jina la zamani likafufuliwa, likafa tena, na tangu hapo utamaduni umekaa na habari, na vijana, na michezo, ukihamishwa kama mpangaji asiye na mkataba. Juzi tu, mwaka 2022, habari iliondolewa kwenye wizara yenye utamaduni, na mwisho wa 2024 ikarudishwa. Kila uhamisho una gharama yake: mafaili yanahama, maofisa wanabadilishwa, na kazi iliyoanzwa na mmoja anayefuata haijui.

Nasikia watu wakisema wizara ile ilikufa kwa sababu nchi ilikuwa maskini, yenye adui ujinga, maradhi na umaskini wa kupigana nao kwanza. Sikubali. Nchi hiyohiyo, maskini vilevile, ilitunga sheria mwaka 1967 ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, na BAKITA ipo mpaka leo. Tofauti naiona kwenye sheria. Wizara huundwa kwa tangazo la Rais, na kwa tangazo jingine inaondoka, pengine usiku mmoja. Baraza lililoundwa kwa sheria, anayetaka kulivunja itambidi arudi Bungeni aeleze kwa nini. Kiswahili kilipata kinga hiyo mapema. Ngoma hazikuipata wakati huo. Kundi la Ngoma ya Taifa lililoundwa miaka ya mwanzo ya uhuru lilivunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaja mwaka 1981. Chuo hicho nakiheshimu sana, lakini hakiwezi peke yake kuzunguka kila wilaya kurekodi wazee.

Na kurekodi wazee ndiyo kazi ninayoililia. Iundwe taasisi kwa sheria, yenye bajeti yake na maofisa wanaokaa miaka ishirini hadi wajulikane vijijini kwa majina. Mawaziri waje na waondoke, yenyewe iwepo.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Alikuwa akiimba nyimbo za lelemama akipeta mchele uani, na mimi nilizishika mbili tu, tena nusunusu. Mwaka jana nilikwenda Pangani kutafuta mtu wa kunimalizia beti zilizobaki. Nilizunguka siku tatu, nikarudi nazo vilevile nusunusu.