Dokta kasema ni mbu tu

Mnaoniulizia hali inbox huku mnacheka nawaona. Jamaa yangu kashatangazia kijiwe kizima cha Igoma, hapa Mwanza, kwamba nilizimia wakati natumbuliwa jipu. Sikuzimia bwana. Bora hata ningezimia.

Jipu lilikuwa palepale mnapopafikiria, upande wa kulia, limeiva mpaka kwenye daladala nakaa upande mmoja, abiria wanadhani nina dharau. Jina la zahanati silitaji. Dokta mwenyewe dogo tu, mcheshi, kanilaza kifudifudi, "kaka hii ni ganzi, utasikia kama mbu." Mimi nimekulia huku ziwani, mbu nawajua wa kila saizi, ile sindano haikuwa mbu! Halafu kashaichoma ndo ananiambia eti ganzi kwenye jipu huwa haishiki vizuri, kule kwenye usaha kuna tindikali inaipunguza nguvu. Sasa si ungeanza na hiyo dokta??

Akakata. Nikauma shuka, nikanyamaza kiume (wadada mnaoniitaga komando someni mpaka hapa, inatosha, kalaleni). Kumbe kukata ilikuwa salamu tu. Akaweka vidole, kimoja huku kimoja huku, "nakamua kidogo." Hicho kidogo jamani. Ukutani mbele yangu kuna kalenda ya mwaka jana, nikaamua niisome ili nisahau, nimesoma tarehe moja mpaka 31 na sikukuu zote zenye rangi nyekundu, yeye bado anakamua. Nikasema sasa tumemaliza. Wapi! Akachukua kimkasi butu akakiingiza mle ndani MLE NDANI akawa anakizungusha taratibu, eti kuna vijumba vya usaha lazima avivunje visije vikajaa tena, anapekua kona hadi kona kama mtu kadondosha funguo gizani, na huku ananiuliza, "kaka, we Simba au Yanga?"

Hapo ndo ikanitoka. "MAYU WANEEE!" Yaani mama yangu, kwa Kisukuma.

Mimi. Mimi ninayewaambiaga kila siku Kisukuma sikijui, nimezaliwa mjini. Na sista mmoja mama mtu mzima aliyeshika trei wala hakushtuka, akanijibu, "nipo mwanangu, tulia." Benchi lote la nje likaangua kicheko, na cha jamaa ndo kilikuwa kinaongoza.

Dokta naye kashangaa kabisa, "mbona hii haiumagi hivyo kaka?"

Basi akashindilia gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, kwenye tundu, plasta, dawa, nikalipa, nikapanda boda nimening'inia upande mmoja matuta yote mpaka nyumbani, na sasa hivi naandika nimelala kifudifudi, mama kaniletea uji wala haulizi kitu, maana yake kashasikia.

Kesho narudi, gozi inatolewa inawekwa nyingine. Nimemuuliza dokta, kasema hiyo ndo haiumagi kabisa. Jamaa kashanitumia meseji kuuliza tunaondoka saa ngapi.