Tujaribu Nyerere Road, Mwanza, lakini tupime

Nimesoma habari ya wahandisi wanaotaka kufunga kwa muda njia za kuingilia barabara kuu ili kuona kama foleni itapungua, na nawaunga mkono. Wanaosema ni usumbufu tu wakumbuke Minneapolis, Marekani. Mwaka 2000 walizima kwa wiki kadhaa taa zaidi ya 400 zinazoruhusu magari kuingia barabara kuu kidogo kidogo. Ajali ziliongezeka kwa asilimia 26, safari zikawa ndefu, taa zikarudishwa. Bila jaribio lile watu wangebishana hadi leo kama taa hizo zina faida.

Sisi Mwanza tunahitaji jaribio kama hilo Barabara ya Nyerere, kuanzia Mabatini hadi Buzuruga. Asubuhi kila kichochoro kinamwaga bodaboda na bajaji barabarani, daladala nazo zinasimama popote penye abiria. Fungeni baadhi ya viingilio saa za msongamano, kwa majuma machache, mhesabu magari kabla na baada. Malori ya Musoma yasiyo na shughuli mjini yapitie barabara ya mchepuko ya Usagara–Kisesa, njia ipo tayari.

Ila jamani, msichore ramani mkiwa ofisini. Nyumba zetu ziko juu ya miamba, na mtaa mwingine una njia moja tu ya gari kushuka. Ukiifunga hiyo, mjamzito atafikaje hospitali ya Bugando asubuhi? Wenyeviti wa mitaa waulizwe kwanza, na matokeo yabandikwe hadharani, hata yakiwa mabaya.