Tunatoa Upepo

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima ambayo yeye hakunionyesha, amekwisha kuwasimulia mkasa wa Ijumaa usiku kwa namna anayoipenda yeye, naona ni haki yangu kuusimulia upya kabla haujawafikia wakwe zangu. Ni kweli kwamba nilitoa upepo kwenye matairi yote manne. Ni kweli pia kwamba gari lilikuwa langu. Si kweli kwamba nililia.

Mnaoishi Sinza, hapa Dar es Salaam, hamhitaji maelezo kuhusu mtaa wetu. Viwanja hivi vilipimwa miaka ya 1970, pamoja na vya Kijitonyama na Mikocheni, katika ule mradi uliotegemea mkopo wa Benki ya Dunia, na nadhani aliyechora ramani alimwona mwenye nyumba akirudi jioni kwa basi la UDA na kumalizia safari kwa miguu. Hakumwona mpangaji wa chumba na sebule mwenye Toyota IST. Leo nyumba moja ina wapangaji watano na magari matatu, sehemu ya ua imegeuzwa fremu ya duka la vipodozi, na ikifika saa mbili usiku barabara inafanana na bao ambalo kila shimo limejaa kete na hakuna wa kucheza. Kila mtu amejitafutia silaha yake: huyu ana jiwe, yule ana tairi bovu lililopakwa chokaa, na kule kona yupo aliyejaza zege kwenye ndoo ya rangi akasimika bomba katikati.

Mimi, kwa kuwa nimesoma, nilichagua maandishi. Nilichukua kipande cha bati, nikakining'iniza getini kikiwa na maneno haya kwa herufi kubwa nyekundu: USIPAKI GETINI. TUNATOA UPEPO. Niliandika "tunatoa" makusudi, ili anayepita adhani ndani tuko kikosi, ingawa ukweli ni kwamba tupo mimi, mke wangu, binti yetu wa darasa la pili na dada anayetusaidia kazi.

Mlengwa wa bango hilo alikuwa jirani wa ubavuni, mzee wa makamo ya baba yangu, mwalimu mstaafu, mwenye Vitz ambayo kila jioni huivalisha kava la kijivu kana kwamba anamfunika mtoto. Nyuma ya Vitz hiyo ilikuwa ikiingia mbele ya geti langu kwa urefu wa mkono mmoja, na kwa miezi mitatu tuliugombania mkono huo bila kutamka neno lolote lisilo la adabu. Nilikuwa nikimwambia "Shikamoo mzee" kwa sauti ya kudai kodi, naye akiitikia "Marahaba mwanangu" huku akilitazama bango langu kama anayesahihisha insha.

Wiki hiyo gari langu lilikuwa gereji, kwa sababu bajaji ilinichuna mlango na bampa ya nyuma. Fundi wa rangi aliahidi Jumatatu, ikawa Jumatano, na kufikia Ijumaa nilikuwa nimeacha kumpigia. Simu yangu ilizima chaji jioni. Nilirudi kwa bodaboda, saa nne usiku, umeme umekatika mtaa mzima, na mbele ya geti langu, si kwa mkono mmoja bali kwa urefu wake wote, kutoka nguzo hadi nguzo, lilikuwa limelala gari dogo lenye kava la kijivu.

(Wewe uliyeniandikia alfajiri kuuliza kama upepo umesharudi, nimekuona. Subiri.)

Hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo rafiki yangu anapokwenda mbio. Sikupiga teke. Niliweka begi chini, nikakunja suruali ili isichafuke, nikapiga goti la kulia. Niliinua ukingo wa kava, nikafungua kifuniko cha valvu, nikakitia katika mfuko wa shati kwa sababu mimi si mwizi, kisha nikakandamiza kile kijiti cha katikati kwa njiti ya kibiriti. Upepo ukatoka. Sitawadanganya: ulikuwa mlio mtamu. Miezi mitatu ya "Marahaba mwanangu" ilikuwa ikitoka pale kwa mkupuo mmoja mrefu, na gari likaniinamia kidogo kama linaloomba radhi. Njiti ilivunjika, nikachukua nyingine. Kwenye tairi la tatu goti langu liliingia katika maji ambayo sikutaka kuyajua yametoka wapi. Nikaendelea. Mtu mwenye hasira angeweza kuishia mawili. Mimi nilitimiza manne kwa utulivu wa mhasibu, nikasimama na vifuniko vinne mfukoni, na hapo, badala ya kuingia ndani kulala kama watu wengine wenye hatia, nikaenda kumwita mjumbe wa mtaa.

Mjumbe wetu ni mama mwenye subira. Alikuja na tochi, khanga mabegani, na nyuma yake wakaja wapangaji, muuza chipsi wa kona, na huyo rafiki yangu aliyekuwa anasubiri chipsi zake. Nikahutubia. Nilizungumzia haki ya mwananchi kuingia kwake, nikazungumzia mgonjwa ambaye angehitaji kutolewa usiku, ingawa nyumbani hakukuwa na mgonjwa, na nikahitimisha kwamba nimelazimika kuchukua hatua. Mjumbe alijibu kwamba kuziba geti la mtu ni kosa, lakini hata nje ya geti si kwangu, kwani barabara za mitaa tangu 2017 zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si chini ya bati langu. Watu walianza kucheka, nami nikadhani wanamcheka mzee.

Mzee akatoka, amejifunga msuli, fulana nyeupe, kandambili.

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa sauti ya mshindi.

"Marahaba mwanangu. Kuna nini na gari?"

"Gari lako limeziba geti."

Hakujibu. Alirudi akalifungua geti lake pande zote mbili, na mjumbe akaelekeza tochi ndani. Vitz ilikuwa imeegeshwa uani, imevaa kava lake, na pembeni yake kulikuwa na kisiki cha mpera kilichokatwa karibuni, bado cheupe, na matawi yamepangwa ukutani.

"Nimeukata leo asubuhi," akasema mzee, "ili gari liingie ndani tuache kusumbuana."

Mpera ule binti yangu alikuwa akiletewa mapera yake kwa bakuli. Nilitamani umeme usirudi kamwe.

"Sasa hili ni la nani?" akauliza mjumbe, na ndipo mzee alipoinama, akashika kava kwa vidole viwili na kulikunja kwenda juu, taratibu, kama anayefungua mtihani wa taifa. Kwanza ikaonekana bampa inayong'aa. Kisha stika ya shule ya binti yangu, ambayo niliibandika mwenyewe, ikiwa imepinda upande uleule nilioupindishia. Kisha namba ya gari, ambayo mzee aliisoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, herufi baada ya herufi, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nilikosa tu kuitika "nipo".

Wakati huohuo geti langu likafunguka, dada akachungulia na usingizi wake, ananinyooshea funguo. "Baba, fundi alileta gari tangu alasiri. Amelifunika lisishike vumbi. Anasema amekupigia hupatikani."

Hakuna aliyesema kitu. Mzee alilitazama bati langu, akanitazama mimi, akatazama mfuko wa shati ambao vifuniko vilikuwa vikigongana ndani yake kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka.

"Angalau mwanangu," akasema, "bango lako halisemi uongo."

Yaliyofuata si ya kusimulia sana. Pampu ya mguu ilikuwa ya mzee, miguu ilikuwa yangu, ilifika saa saba usiku, na maji mnayosikia kwamba yalinitoka machoni yalikuwa jasho. Muuza chipsi ananiita "Upepo", na watoto wa mtaa wameshalishika jina. Mke wangu, aliyekuwa kwa mama yake, alipata picha kabla sijachaji simu. Jumapili nilimpelekea mzee mche wa mpera, akaupokea, akaniambia neno sahihi ni "usiegeshe".

Jana nimempigia fundi wa rangi aje alifute lile bati. Amekubali, ila ameuliza kwanza nitakuwepo nyumbani au la.