Pingamizi la Lamu: kuhesabu watu au kupima hoja?

Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, Lamu. NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ilikuwa imeitoa leseni hiyo mwaka 2016. Jopo halikusema makaa ya mawe ni haramu. Lilisema wananchi waliitwa mikutanoni kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika, na ilipokamilika hawakurudiwa ipasavyo. Mwaka 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kuujenga mtambo huo.

Waliohudhuria baraza za aina hii wanaijua hali. Unaambiwa umeme unakuja na vijana watapata kazi, unatia sahihi karatasi ya mahudhurio, unakwenda zako. Kesho karatasi ile ile ndiyo ushahidi kwamba umeshauriwa.

Hata hivyo, wanaotetea miradi ya serikali si wa kupuuzwa. Umeme ni haja ya nchi nzima, na si haki wachache wakwamishe kinachowafaa mamilioni. Kesi hii imekula karibu miaka tisa, na kila mwaka wa mahakamani una gharama yake. Tena Lamu yenyewe haikuwa na kauli moja: kwa baadhi ya wenye mashamba Kwasasi, mradi ulikuwa na maana ya fidia.

Lakini hoja ya wachache kwa wengi ina tundu. Umeme ungesambaa nchi nzima. Jivu lingebaki Lamu. Anayebeba mzigo huo si kura moja tu kati ya mamilioni. Isitoshe, anajua mambo ambayo mtaalamu wa kutoka Nairobi hayajui: samaki wanazaliana kwenye mikoko ipi, na mkondo upi unapitika kusi ikivuma, wakati dau dogo haliwezi kuthubutu kutoka nje ya miamba. Katika kesi ya bandari ya Lamu, Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya uvuvi wao. Kumsikiliza mvuvi mapema kungekuwa rahisi zaidi.

Kwangu mimi, "hatutaki" peke yake haitoshi kuzuia mradi, hata ikisemwa na umati. Ila pingamizi lenye jambo linaloweza kuchunguzwa, hata likiletwa na mtu mmoja, lijibiwe kwa maandishi, na kwa Kiswahili. Mvuvi akiuliza maji ya kupozea mtambo yatarudi baharini yakiwa na joto kiasi gani, anataka nambari, wala haitoshi kumwambia "maoni yenu yamezingatiwa". Na nambari hiyo aipate kabla leseni haijatiwa sahihi, awe na wasaa wa kutafuta mtu wa kumfafanulia.